Asiyetaka Kupozwa

1

Siku ya ishirini na mbili tangu watu tisa wafe kwa kosa lake, Nyendo alikwenda zahanati kupozwa.

Alipita upande wa njia wenye taa zilizoungua, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi, maana hakutaka kusalimiwa. Lakini Majabalini ni mji uliochimbwa ndani ya mwamba, watu elfu mbili na kidogo, safu tano tu za nyumba. Ukipiga chafya Safu ya Kwanza, wa Safu ya Tatu anakuombea afya. Utamkwepa nani humo? Mzee Mdachi alikuwa amekaa mlangoni pake, anachonga mwiko.

"Shikamoo, mzee," Nyendo akasema bila kusimama.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatembea kama umeiba kuku? Njoo unywe uji, bado wa moto."

Uso wa mzee ulikuwa mkunjufu kabisa. Mzee huyu alikuwa amezika mke na binti kwa siku moja, na aliyewaua alikuwa amesimama mbele yake, na yeye anamkaribisha uji. Nyendo akajibu kwamba ameshiba, akaongeza mwendo. Matusi angeyaweza. Jiwe angelipokea. Uji ulimshinda.

Daktari Senyagwa alimkalisha kwenye kiti cha chuma, akampa bakuli la maji.

"Shika kwa mikono miwili."

Nyendo akashika. Maji yakaanza kucheza, yakaruka ukingoni, yakamlowesha mapaja. Daktari akalichukua bakuli taratibu kabla halijaanguka. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ile ya kubembelezea watoto wa chanjo.

"Wiki tatu sasa, Nyendo. Koki ya Pafu inataka mkono unaoweza kugeuza nusu ya ukucha na kuacha pale pale. Mkono huu utaua wengine."

"Najua."

"Na mlinzi mwenzako Helimina anasimama saa kumi na mbili kwa siku, na mimba ya miezi minane. Miguu imevimba kama vinu."

"Najua, Daktari. Ndiyo maana nimekuja."

Pafu ndilo lililokuwa linawaweka hai wote. Huko juu, nje ya mwamba, vumbi la chumvi lilikuwa linavuma miezi kumi kwa mwaka, na joto lake hakuna wa kulisimulia kwa sababu walioliingia hawakurudi. Pafu lilivuta hewa ile, likaichuja, likaipitisha juu ya masinia ya mwani wa kijani ambao hula uchafu na kutoa hewa safi, kisha likaisukuma kwenye mabomba hadi kila chumba. Koki zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, zote za kugeuzwa kwa mkono, kwa kuwa mitambo ya umeme ya kuzigeuza chumvi ilishaila zamani za babu zao. Walinzi walikuwa watatu. Kumfundisha wa nne kungechukua miaka sita.

Daktari akamvika kofia. Ilikuwa ya shaba, nyembamba, baridi kama tumbo la mjusi, na waya zake ziliingia kwenye kisanduku kilichokuwa kinanguruma kidogo.

"Hatufuti kitu, usiogope," akasema. "Utakumbuka yote, hata rangi ya kikombe ulichokuwa umeshika. Kumbukumbu inakaa huku, maumivu yanakaa kule. Sisi tunafunga njia ya katikati, basi. Asubuhi tatu. Ya kwanza inaondoa makali. Ya pili inaondoa uzito. Ya tatu inafunga, na ikishafunga haifunguliki."

"Na wafiwa?"

"Wamemaliza wote. Baraza liliona tuanze na wao. Si ubinadamu kuwaacha wanaumia wakati dawa ipo. Haya, nitajie majina ya marehemu. Polepole, mmoja mmoja."

Nyendo akawataja. Kwa kila jina kofia iliongeza baridi, na alipofika la tisa, la mtoto wa miaka sita aliyeitwa Sechelela, alihisi kitu kikimlegea kifuani kama fundo lililokuwa limekaza kwa muda mrefu. Hakuwa amepumua hadi chini ya mbavu tangu siku ile. Sasa alipumua. Jamani, tamu kama nini!

Alirudi kwake akasonga ugali, akapika mlenda, akala. Alikula akaongeza, akala tena, mpaka akalamba kidole. Ndipo alipoduwaa, kidole bado kinywani. Alikuwa amelamba kidole.

2

Jioni ile alimfuata Chilongani, mlinzi mwenzake kwa miaka kumi na moja. Alimkuta kwenye chumba cha Pafu, chini ya mapangaboi makubwa, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anamenya karanga.

"Hodi humu."

"Karibu, muuaji mwenzangu!"

Alisema kwa furaha, kama mtu anavyosema mwanakwaya mwenzangu. Miaka minne iliyopita Chilongani alifungua bomba la mvuke wakati vijana wawili wako ndani wanalisugua. Alipozwa. Baada ya wiki moja alikuwa kazini, na tangu hapo hajakosa zamu hata moja.

"Nasikia umeanza," akasema. "Hongera. Utalala, dada, mpaka mashavu yachore mkeka. Mimi nalala kama gunia la mtama. Karanga?"

"Kaka Chilongani, nataka kukuuliza kitu. Siku ile, ulitaka kusema nini?"

"Siku ipi?"

"Unaijua."

"Aa, ile." Akatema ganda. "Nilitaka kukutegea kitendawili, kama siku zote."

Hiyo ndiyo desturi ya chumba kile. Walinzi wa kwanza waliujua ugonjwa wa kupokezana zamu: anayeondoka ana usingizi, anayeingia ana haraka, wote wawili wanaweka sahihi na hakuna aliyeangalia kitu. Basi wakakubaliana kwamba anayeondoka hamwambii mwenzake hali ya Pafu. Anamtegea. Anaangalia siku hiyo kuna nini, koki gani imefungwa, sinia gani limechoka, anatunga kitendawili, na mwenzake hapokei zamu mpaka azunguke mabomba yote kwa miguu alitafute jibu. Akishindwa anatoa mji, kama watoto wafanyavyo jioni. Nyendo peke yake alikuwa ameshatoa Manyoni, Kondoa na nusu ya Singida, miji ambayo huko juu ilikuwa imejaa vumbi hadi madirishani na haina hata paka. Walikuwa wanacheka sana.

Sasa siku zile kabla ya vifo, koki ya themanini na nane mpira wake ulikatika, na mpira mwingine ulikuwa haujatengenezwa. Ikafungwa. Ilikaa imefungwa siku kumi na moja, na kwa siku kumi na moja Chilongani alitega kile kile: watoto wangu mia mbili na kumi na wawili, mmoja amenipa mgongo. Siku ya kumi na mbili Nyendo alifika na kikombe cha chai mkononi.

"Nikasema kitendawili," Chilongani akaendelea. "Ukasema tega. Nikasema watoto wangu mia mbili na kumi na wawili. Ukanirukia, ukanimalizia wewe: mmoja amenipa mgongo, themanini na nane, haya nenda ukalale, macho yamekuwa mekundu kama ya panya. Ukacheka. Mimi nilikuwa nataka kusema wawili."

"Wawili."

"Wawili wamenipa mgongo. Nilikuwa nimeifunga na mia na thelathini na moja ili nioshe masinia. Ilikuwa ifunguliwe baada ya saa moja."

Koki ya mia na thelathini na moja ndiyo iliyokuwa inapeleka hewa kwenye kona ya mwisho ya Safu ya Tano. Ilikuwa saa sita mchana, saa ya joto, ambapo Majabalini yote hujilaza. Watu tisa wa kona ile walijilaza. Nyendo naye alikaa juu ya ndoo hii hii akanywa chai yake ingali moto, hakuzunguka, kwa sababu jibu alikuwa nalo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinikatiza."

"Ungenirudia, Chilongani! Neno moja tu!"

"Nilifika pale kwenye ngazi nikakumbuka." Alikuwa anatafuta karanga nzima katikati ya maganda. "Nikasema, ah, ataiona akizunguka. Zamani ningerudi mbio, hilo nalijua. Zamani nikitoka hapa nilikuwa narudi mara mbili mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango, mke wangu ananicheka, ananiambia oa huo mlango. Kuna kitu kilikuwa kinanisukuma mgongoni. Siku ile nilisimama pale kwenye ngazi nikakisubiri, hakikuja. Nikaenda kulala."

Nyendo akamtazama. Hasira ilimpanda mpaka kooni, kisha ikashuka yenyewe, upesi, kama maziwa yaliyoondolewa motoni. Hilo lilimtisha kuliko maneno aliyoyasikia. Kofia ilikuwa imemgusa asubuhi moja tu.

"Kwa hiyo kosa ni lako," akasema, akijaribu.

"Labda. Ukitaka liandike langu, mimi halinielemei." Akamnyooshea kiganja. "Hii hapa imejaa. Chukua."

3

Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwake, hajavua viatu, alipobishiwa hodi.

"Karibu. Nani?"

"Mimi, Mama Sechelela."

Nyendo akafungua mlango. Mwanamke akaingia, mrefu, nadhifu, kitambaa kimefungwa vizuri, kikapu cha uyoga mkononi. Alikuwa mkulima wa mashamba ya uyoga ya Safu ya Pili, na siku ile alikuwa shambani, ndiyo maana alikuwa hai. Alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa, akaweka kikapu sakafuni.

"Nimekuletea uyoga. Nasikia umeanza kupozwa."

"Leo asubuhi."

"Basi nimewahi."

"Umewahi nini, mama?"

"Nimekuja kukutazama."

Nyendo hakuelewa. Alipiga magoti, akaanza yale maneno aliyoyaandaa siku ishirini na mbili, nisamehe mama, sikuzunguka, nilikuwa nakunywa chai, na Mama Sechelela akamsikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza tangazo la posho.

"Nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe tangu siku ya saba, asubuhi ya tatu ya kofia. Lakini usifurahi. Haikunigharimu kitu."

Akakisukuma kitambaa nyuma ya paji la uso.

"Walinijia siku ya nne," akaendelea. "Nilikuwa napiga kichwa ukutani, hapa, kovu hili. Wakaniambia wiki ijayo utakuwa shambani. Nikakubali. Nani angekataa? Na kweli, wiki iliyofuata nilikuwa shambani. Sasa sikiliza. Najua nilikuwa na mtoto. Najua alikuwa na miaka sita. Alikuwa hapendi uyoga, na mama yake analima uyoga. Akimwona mtu anapita lazima amtegee kitendawili, na kabla hujafungua mdomo jibu kalitoa yeye, hana subira hata ya kumeza mate. Yote nayajua. Nikiyasema ni kama nasoma karatasi ya mtu mwingine."

"Mama Sechelela..."

"Subiri. Juzi nilikosa matambara ya kufutia masinia. Nikachukua gauni lake, lile la njano, nikalikata. Vipande vinane. Vizuri tu, pamba nzuri. Nilipomaliza kipande cha nane nikaketi nikajiuliza, hivi mama hufanya hivi? Nikajua kwamba hafanyi. Nikaendelea kufuta masinia."

Nyendo alifunika uso.

"Usifunike. Ndicho nilichokuja kuangalia." Sauti yake haikuwa kali. "Nimewazungukia wafiwa wote, nyumba kwa nyumba. Mzee Mdachi anachonga miiko. Ndugu wawili wa marehemu mmoja wameanza kugombea chumba chake. Hakuna anayelia. Watu tisa, Nyendo, na katika mji mzima aliyebaki anawalilia ni wewe uliyewaua. Keshokutwa na wewe unafungwa. Baada ya hapo itakuwa kama hawakuwahi kuwapo, ila majina kwenye daftari."

"Unataka nikatae?"

Mama Sechelela akafikiri kweli kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni.

"Sijui. Hata kutaka kumepungua. Wewe una mikono ya kazi na mji una shida, hilo nalielewa vizuri, siku hizi naelewa mambo vizuri sana. Nimekuja tu nione, kabla hakijafungwa."

Nyendo akakisogeza kikapu pembeni. Nje, mtu alipita akiburuta ndoo.

"Alikuwa anapenda kutega kipi?" Nyendo akauliza mwishowe.

"Eeh?"

"Sechelela. Kitendawili alichokuwa anakipenda."

"Alikitunga mwenyewe wiki ile ya mwisho. Askari wangu wamejipanga, mmoja amelewa."

"Ni nini?"

"Jino lake. La mbele lilikuwa linatikisika. Alikuwa hataki nilitoe."

Kile kilicholegezwa asubuhi kikakaza tena kwa mara moja, na Nyendo akalia, kilio cha msibani, cha tumbo, kanga mdomoni ili majirani wasikimbilie. Mama Sechelela akasogeza kigoda. Akainama mpaka pumzi yake ikamfikia Nyendo shavuni, akamtazama, jicho baada ya jicho, jinsi mdomo ulivyopinda, jinsi bega lilivyoruka. Alitazama kama mwenye njaa anayetazama sufuria la jirani. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akagusa chozi, akaliangalia lilivyokaa kwenye ncha ya kidole mpaka lilipokauka.

4

Asubuhi ya pili Nyendo aliikataa kofia.

Daktari Senyagwa hakukasirika. Aliishusha mezani, akafuta miwani yake kwa ncha ya koti.

"Helimina ameanguka leo alfajiri, kwenye ngazi za Pafu," akasema. "Hajambo, na mtoto hajambo. Lakini hatasimama tena mpaka ajifungue. Kwa hiyo sasa mlinzi ni mmoja. Chilongani ameshika zamu yake na ya Helimina, na ikifika saa sita atakuwa amesimama saa kumi na nane. Nikuambie zaidi?"

"Hapana."

"Basi kaa kwenye kiti."

"Ukinifunga, Daktari, utapata Chilongani wa pili."

"Ningependa! Chilongani hajatetemeka hata siku moja."

"Ndiyo. Na ndiyo maana hakurudi." Akamweleza habari ya ngazi, neno kwa neno, mpaka na ile karanga. Daktari alisikiliza, na kwa mara ya kwanza Nyendo alimwona hana cha kushika mikononi.

"Sikuijua hiyo," akasema kwa sauti ndogo. Akakaa. "Lakini nisikilize na mimi. Sema nikuache hivyo ulivyo. Utarudi nyuma mara mia, utazunguka koki zote, utaipata iliyofungwa. Halafu? Utaishika kwa mkono huo. Badala ya nusu ukucha utageuza mzima, hewa itajaa upande mmoja ipungue mwingine. Watu watakufa vile vile, Nyendo. Safari hii kwa uangalifu wako."

 Daktari alikuwa na haki, yule mpole, na Nyendo naye alikuwa na haki, na haki zote mbili kwa pamoja hazikutosha kufungua koki moja. Akaitazama kofia pale mezani. Akawaza zile pumzi zilizofika chini ya mbavu, zile tamu. Akawaza gauni la njano. Mkono wake, bila kuutuma, ulikuwa umeshaanza kuinuka kuifuata kofia. Ulikuwa umechoka, maskini, ulitaka kupumzika.

"Niletee lile bakuli," mtu akasema.

Wote wawili wakageuka. Kwenye benchi la kungojea, karibu na mlango, Mama Sechelela alikuwa amekaa, amepakata mikono.

"Umefuata nini wewe?" Daktari akauliza. "Ulishamaliza."

"Nilikuja kumwangalia akifungwa. Naona hafungwi. Nipe bakuli, Daktari, na ulijaze mpaka juu."

Daktari akalijaza, labda kwa sababu hakuwa na wazo lingine. Mama Sechelela alilichukua kwa mkono mmoja. Akanyanyuka nalo, akatembea hadi ukutani, akarudi, akazunguka kiti cha chuma. Uso wa maji ulikuwa umetulia kama kioo. Halikudondoka tone.

"Yeye ana kile cha kumrudisha nyuma," akasema. "Mimi nina mkono. Mlinieleza wenyewe kwamba hautatetemeka tena maisha yangu yote. Yeye azunguke, aangalie, aseme. Mimi nigeuze."

"Ulinzi wa Pafu ni miaka sita, mama."

"Sitaki kujua Pafu. Nitajua kulia na kushoto."

"Na utaweza?" Daktari akasita. "Ile koki... mwanao..."

"Hilo ndilo swali la kumwuliza asiyepozwa. Mimi mmenipoza."

Daktari alimtazama muda mrefu kama fundi anayetazama kitu alichokitengeneza mwenyewe. Halafu akakaa akaandika. Siku saba, mpaka Baraza likutane. Wakikosea mara moja, hata kwa koki moja, hata bila mtu kudhurika, Nyendo atavaa kofia asubuhi hizo mbili zilizobaki kwa mfululizo, apende asipende.

"Na kile ulichoondolewa jana," akamwambia Nyendo bila kuinua macho, "bila ya asubuhi ya pili kitarudi chote. Kikirudi huwa kinakuja kikubwa zaidi. Usije ukaniambia sikukuonya."

"Kimesharudi," Nyendo akasema.

5

Saa sita Chilongani aliwapokea mlangoni akipiga miayo, koti begani.

"Mmekuja wawili kwa mshahara mmoja! Haya, kitendawili!"

"Tega," Nyendo akasema. "Lakini ukae kwenye ndoo yako. Leo huondoki mpaka nizunguke."

"Nimesimama saa kumi na nane, dada."

"Ndiyo maana nimekuambia ukae."

Chilongani akacheka, akatega, kitu fulani cha bibi mwenye mashuka mengi na moja limechafuka. Nyendo hakujibu. Alianza koki ya kwanza. Alishika kila moja kwa mkono wake unaotetemeka, akaweka shavu kwenye bomba asikilize hewa inapita vipi, akainama chini ya kila sinia kuangalia mwani una rangi gani. Pale palipohitaji kugeuzwa alisema, na vidole vya Mama Sechelela vikageuza, vikaacha pale pale. Vilikuwa vidole vizuri. Mlinzi mwingine angelia kwa wivu.

Iliwachukua saa mbili kufika mia na thelathini. Sinia lililochoka walishalipata, ndilo lililokuwa shuka la bibi, na Chilongani alishasinzia kichwa ukutani. Ndani ya Nyendo mambo yalikuwa mabaya kuliko siku ya kwanza. Machozi yalikuwa yanatoka tu yenyewe, hana habari nayo, kama jasho. Aliipita mia na thelathini. Akasimama.

Koki ya mia na thelathini na moja ilikuwa ya shaba kama wenzake, na kipini kimelainika kwa mikono ya watu. Kinyume cha matarajio yake haikuwa na lolote usoni. Nyendo akaweka shavu kwenye bomba. Hewa ilipita, lakini nyembamba. Shinikizo la mchana lilikuwa limeshuka.

"Ifunguliwe kidogo," akasema. "Nusu ukucha. Kulia."

Mama Sechelela akaweka mkono. Mkono ukakaa hapo.

Nyendo akangoja. Aliutazama ule mkono kwa hofu, na, Mungu amsamehe, kwa tamaa pia, akitafuta japo mshipa mmoja uruke. Haukuruka. Ulikuwa umetulia kama uliochongwa.

Ndipo kutoka ndani ya bomba, mbali, kikasikika kikohozi. Kidogo, kikavu. Kisha sauti ya mwanamke ikibembeleza, maneno hayasikiki.

"Kuna watu humo?" Mama Sechelela akauliza.

"Wanne. Baraza liliwahamishia juzi."

"Kwenye chumba changu?"

"Chako na cha jirani."

"Na huyo anayekohoa?"

"Ana mwaka mmoja na nusu. Wa kiume."

Mama Sechelela aliinamisha kichwa, akaweka sikio kwenye bomba, pale pale Nyendo alipokuwa ameweka shavu, na shaba bado ina unyevu wa machozi. Alisikiliza. Uso haukubadilika. Kikohozi kikaja tena, na tena, na yeye hakuondoa sikio mpaka kilipotulia.

"Umesema ngapi?"

"Nusu ukucha."

"Kulia au kushoto?"

"Kulia."

"Ulishaniambia, najua," Mama Sechelela akasema. "Niambie tena. Polepole."

Nyendo alikunja mikono yake yote miwili ndani ya kanga, iteteme humo itakavyo, akameza mara mbili hadi koo likanyooka, kwa sababu sasa kilichotakiwa kutulia kilikuwa ni sauti. Akamwambia tena.